Homoni zikizidi au zikipungua mwili huyumba: Somo kutoka visiwa vya Lamu

Wakazi wa visiwa vya Lamu, ambao wameishi kwa samaki tangu enzi za mababu, huenda wakashangaa kuambiwa kwamba mtu anaweza kula nguru na changu kila wiki na bado mwili wake ukapungukiwa na madini ambayo chimbuko lake ni bahari. Huenda wakashangaa zaidi kuambiwa kwamba mtoto anayeamka usiku mara kwa mara kuuendea mtungi wa maji hasumbuliwi na joto la kaskazi, bali na kiungo kidogo kilichojificha nyuma ya tumbo lake ambacho kimeacha kufanya kazi. Mambo haya mawili, yanayoonekana kuwa mbali kama Kiwayu na Kipungani, yana asili moja. Asili hiyo ni homoni.

Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi mbalimbali za mwili na kumwagwa moja kwa moja ndani ya damu. Hapo ndipo zinapotofautiana na mate au jasho, ambayo hupitia mifereji yake hadi nje. Homoni husafiri na damu kote mwilini, lakini huitikiwa na viungo vile tu vyenye uwezo wa kuipokea, mfano wa barua ambayo hupita mikononi mwa wengi na kufunguliwa na yule aliyeandikiwa. Jina lenyewe lilianza kutumiwa mwaka 1905 na mtaalamu wa Uingereza, Ernest Starling, aliyelitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea au kusukuma.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Homoni ya tezi ya shingoni, ambayo bila hiyo mwanadamu hawezi kukua wala kufikiri sawasawa, hutengenezwa kwa iodini, na iodini yote ambayo mtu huihitaji katika maisha yake ni kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Ndiyo sababu kosa dogo la kipimo huleta madhara makubwa.

Mwili una utaratibu wa kujirekebisha. Nahodha wa jahazi huutazama upepo, akakaza au kulegeza tanga, kisha akatazama tena. Ubongo nao hupima kiasi cha homoni kilichomo katika damu. Kikishuka hutuma amri kiongezwe, kikipanda huinyamazisha tezi. Maradhi huanza utaratibu huo unapovunjika, ama kwa tezi kutoa kupita kiasi, ama kwa kutoa pungufu. Ipo pia njia ya tatu ambayo watu wengi hawaijui: tezi hutoa homoni ya kutosha, pengine hata ya ziada, lakini mwili unakataa kuisikia.

Tuanze na shingo.

Mbele ya koromeo kuna tezi yenye umbo la kipepeo iitwayo thairoidi. Kazi ya homoni zake ni kuamua kasi ya shughuli za mwili mzima: mapigo ya moyo, joto, uyeyushaji wa chakula, na kwa mtoto, ukuaji wa mifupa na ubongo. Mtu mzima huhitaji takriban maikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mama mjamzito 250. Iodini ikikosekana, ubongo huendelea kuiamrisha tezi ifanye kazi zaidi, nayo tezi kwa kutii amri huvimba. Uvimbe huo ndio rovu.

Nchini Kenya rovu lilijulikana zaidi kama ugonjwa wa nyanda za juu, ambako mvua za karne nyingi zimeikokota iodini kutoka udongoni hadi baharini. Serikali ilianza kuhimiza chumvi itiwe iodini katika miaka ya 1970, na mwaka 1978 jambo hilo likawa sharti la kisheria. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo hutoka hapa hapa Pwani, katika viwanda vya Gongoni, Ngomeni na Marereni, kusini mwa Lamu. Wengi hudhani kwamba chumvi ya bahari ina iodini kwa asili. Sivyo. Maji ya bahari yana iodini kidogo, na yanapokaushwa juani karibu yote hupotea. Chumvi ya Gongoni huwa na iodini kwa sababu kiwandani hunyunyiziwa potasiamu iodeti kabla ya kufungwa.

Je, mla samaki anahitaji chumvi hiyo? Jibu lilipatikana Zanzibar. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kwamba wakazi wa Unguja na Pemba hawawezi kupungukiwa na iodini kwa kuwa wamezungukwa na bahari. Watafiti walipopima mkojo na shingo za watoto wa shule, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006, walikuta hali tofauti. Pemba, ambako ni nyumba moja tu kati ya 100 iliyokuwa na chumvi yenye iodini, watoto wengi walikuwa na upungufu na karibu thuluthi moja walikuwa na dalili za rovu. Unguja, ambako zaidi ya nusu ya nyumba zilikuwa na chumvi hiyo, kiwango cha iodini katika mkojo kilikuwa cha kuridhisha. Bahari ni moja, samaki ni wale wale. Tofauti ilikuwa katika chumvi. Anayeyajua maisha ya Pemba na ya Pate hatashindwa kuona kinachofanana.

Jambo hili lina uzito wake Lamu kwa sababu kuna chumvi ya aina mbili sokoni. Ile ya pakiti hutiwa iodini. Chumvi ya mawe inayonunuliwa kwa magunia ili kukausha ng'onda na papa huenda haikutiwa, na ikiingia jikoni kwa kuwa ni ya bei nafuu, familia hukosa kinga bila kujua. Hata ile ya pakiti hupoteza nguvu ikiachwa wazi katika unyevu wa pwani kwa muda mrefu. Hifadhi iliyo bora ni chombo chenye kifuniko, mbali na moshi na mvuke wa jiko, na ni vyema kuitia chumvi chakula kinapokaribia kuiva.

Kisiwa kingine cha Afrika ya kati kiliongeza jambo la pili. Huko Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, watafiti wa Kibelgiji waliofanya kazi katika miaka ya 1960 na 1970 walishangazwa na rovu lililoenea sana kaskazini mwa kisiwa lakini likawa haba kusini-magharibi, ilhali iodini ilikuwa pungufu pande zote mbili. Waligundua kwamba watu wa kaskazini walitegemea zaidi muhogo. Muhogo usiolowekwa na kukaushwa ipasavyo huacha mwilini kemikali inayoizuia tezi kuchukua iodini kidogo iliyopo. Muhogo wa nazi wa Lamu hauna lawama, maadamu iodini inapatikana. Hatari huja pale vitu viwili vinapokutana.

Homoni ya thairoidi inapopungua, mtu mzima huchoka bila sababu, huhisi baridi hata wakati wa kaskazi, hunenepa ingawa hali sana, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, sauti hukwaruza na mapigo ya moyo hupungua kasi. Wanawake huona hedhi nzito. Kwa kuwa dalili hizo huja polepole, jirani husema ni uvivu au ni uzee. Upungufu huo unaweza pia kutokea kwa mtu mwenye iodini ya kutosha, pale kinga ya mwili inapoigeukia tezi na kuishambulia. Tiba yake ni kidonge kimoja cha levothairoksini kila siku, kinachomezwa tumbo likiwa tupu, na kwa kawaida huendelea maisha yote.

Kwa mtoto mchanga mambo ni tofauti na hayangoji. Mtoto aliyezaliwa bila tezi, au na tezi isiyofanya kazi, huonekana mzima siku za kwanza kwa sababu bado anatumia homoni alizopewa na mamake tumboni. Baadaye huonyesha dalili: hulala mno, hanyonyi vizuri, hulia kwa sauti nzito, manjano ya macho hayaishi, choo ni shida, ulimi ni mkubwa na kitovu hutokeza. Wazazi wengi humsifu kuwa mtoto mpole. Akianzishiwa dawa katika wiki 2 za kwanza za maisha yake, hukua na akili kama wenzake. Akicheleweshwa kwa miezi, sehemu ya ubongo iliyopotea hairudi tena, hata apewe dawa kiasi gani. Katika maradhi yote ya homoni, huenda hili ndilo ambalo kuchelewa siku chache hugharimu zaidi, na kidonge chenyewe ni cha bei ndogo.

Homoni hiyo ikizidi, picha hugeuka. Mgonjwa hula sana lakini hukonda. Moyo humwenda mbio hata akiwa amelala, mikono hutetemeka, hutokwa na jasho, hakai mahali pamoja, hukasirika upesi na usingizi humtoroka. Kwa baadhi yao macho hutokeza. Hali hii ilielezwa na Robert Graves wa Ireland mwaka 1835, na Karl von Basedow wa Ujerumani mwaka 1840, na hadi leo madaktari huiita kwa jina la mmoja au la mwingine kulingana na nchi walikosomea. Mzee huenda asionyeshe lolote isipokuwa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Mgonjwa wa namna hii katika mitaa yetu huweza kudhaniwa ana pepo, anatumia miraa kupita kiasi, au ana kifua kikuu kwa vile anakonda. Dawa ya kabimazoli huituliza tezi. Anayeitumia akipata homa na maumivu ya koo anapaswa kwenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani mara chache dawa hiyo hupunguza chembe nyeupe za damu. Wengine huhitaji upasuaji au iodini yenye mionzi, tiba ambayo humlazimu mgonjwa wa Lamu kusafiri hadi Nairobi.

Juu ya kila figo pia kuna tezi ndogo, iitwayo adrenali. Miongoni mwa homoni zake ni kotisoli, inayousaidia mwili kustahimili maradhi, njaa na majeraha. Thomas Addison wa London alieleza mwaka 1855 kinachompata mtu ambaye tezi hizo zimeharibika: hudhoofika, shinikizo la damu hushuka, hutamani chumvi, na ngozi yake huwa nyeusi kuliko kawaida hata katika mistari ya viganja na ufizi. Wakati huo kifua kikuu kilikuwa chanzo kikubwa cha uharibifu huo, na katika nchi ambako kifua kikuu kingalipo, bado ni mojawapo ya vyanzo.

Kotisoli kupita kiasi huweza kuletwa na uvimbe ndani ya mwili, lakini mara nyingi zaidi huletwa na mtu mwenyewe kutoka dukani. Vidonge vya prednisoloni na deksamethasoni ni kotisoli ya kutengenezwa. Huokoa maisha ya wenye pumu kali na maradhi mengine, daktari anapoziandika. Wapo wanaozinunua kiholela ili wanenepe mashavu au wapate hamu ya kula. Wapo pia wanaojipaka krimu za kung'arisha ngozi ambazo ndani yake mna klobetasoli, dawa ya jamii hiyo hiyo. Kenya ilipiga marufuku mwaka 1998 vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni, lakini krimu za namna hiyo hazijatoweka, na siku za harusi bibi arusi haachi kushauriwa na marafiki.

Matokeo yake ni uso kuwa wa mviringo, tumbo kutokeza ilhali mikono na miguu inakonda, michirizi ya zambarau ngozini, mifupa kulegea, sukari na shinikizo la damu kupanda. Hatari iliyo kubwa zaidi hutokea siku ambayo mtumiaji anaacha kwa ghafla. Kwa kuwa tezi zake zilipumzika kwa miezi zikiona kotisoli inatoka nje, haziwezi kuamka mara moja. Mtu huyo akipata malaria au ajali katika kipindi hicho, anaweza kuzirai na kufa kwa kukosa homoni ambayo awali alikuwa nayo tele. Ziada huzaa upungufu. Aliyekwisha kutumia kwa wiki kadhaa asiache peke yake. Daktari humpunguzia kidogo kidogo.

Tezi inayozisimamia hizo nyingine ni pituitari, iliyo chini ya ubongo na isiyozidi ukubwa wa punje ya mbaazi. Ikitoa homoni ya ukuaji kupita kiasi utotoni, mtu hurefuka bila kikomo, kama Robert Wadlow wa Marekani aliyefika mita 2.72 kabla ya kufa mwaka 1940 akiwa na umri wa miaka 22. Ikitoa pungufu, mtoto hubaki mfupi. Hayo hutajwa sana magazetini kwa sababu ya ajabu yake, lakini kwa visiwa vyetu kuna jambo jingine la pituitari linalostahili kutajwa zaidi.

Wakati wa ujauzito tezi hii hukua na kuhitaji damu nyingi. Mama akivuja damu kupita kiasi baada ya kujifungua, shinikizo la damu huporomoka na pituitari huweza kukosa damu na kufa, yote au sehemu yake. Harold Sheehan wa Uingereza aliieleza hali hiyo mwaka 1937. Ishara ya kwanza ni maziwa kutotoka kabisa. Kisha hedhi hairudi, nywele za kwapani na za siri hunyonyoka, mama huwa mchovu, baridi humshika, na shinikizo lake huwa chini. Hukaa hivyo kwa miaka, watu wakisema uzazi ulimchosha. Katika nchi tajiri ugonjwa huu umekuwa adimu kwa kuwa damu huzuiwa mapema na kuongezwa haraka. Kwa mama aliyejifungulia Ndau au Kiwayu, ambaye kuifikia Hospitali ya King Fahd mjini Lamu kunamaanisha boti, mafuta ya boti na nahodha wa kuiendesha usiku, na ambako kwa miaka mingi njia ya Mkanda ilipitika kwa taabu maji yakipwa, hatari hiyo haijawa historia. Mkunga anayeambiwa kwamba maziwa hayakutoka kamwe baada ya mama kuvuja damu nyingi anapaswa kuuliza mengi kuliko kupendekeza uji wa pilipili manga. Homoni zinazokosekana hupatikana kwa vidonge, lakini cha kwanza kurudishwa ni kotisoli, kisha ile ya thairoidi. Kinyume chake huweza kumwua mgonjwa.

Yamesalia ya kongosho, nayo ndiyo yanayogusa nyumba nyingi zaidi.

Kongosho hutoa insulini, homoni inayoyafungulia mafuta, misuli na ini mlango wa kupokea sukari kutoka katika damu. Bila insulini, sukari hujaa damuni na seli hufa njaa zikiwa katikati ya shibe. Figo hujaribu kuimwaga sukari hiyo kwa mkojo, na maji mengi hufuatana nayo. Ndiyo asili ya kiu isiyokatika na safari za usiku za chooni. Wazee wa zamani walizigundua dalili hizi bila maabara, walipoona sisimizi wakikusanyika palipokojolewa.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huwapata watoto na vijana, kinga ya mwili huziua chembe zinazotengeneza insulini. Upungufu ni kamili. Mtoto hukonda kwa wiki chache, kisha mwili huanza kuyachoma mafuta yake na tindikali hujaa katika damu. Hapo hutapika, tumbo humuuma, hupumua kwa nguvu na kwa kina, na pumzi yake hunuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Familia nyingi hudhani ni malaria, nyingine hudhani ni jicho la hasidi. Aliyezoea kunywa kombe na kusomewa dua hakatazwi, lakini kabla ya hayo au pamoja na hayo, tone moja la damu lipimwe sukari. Kipimo hicho huchukua sekunde chache, na anayekosa insulini katika hali hiyo huweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Kabla ya Frederick Banting na Charles Best kufanikiwa kuipata insulini huko Toronto mwaka 1921, hakuna mtoto aliyepona. Wa kwanza kudungwa, Leonard Thompson, alipewa Januari 1922.

Kisukari cha aina ya pili, kilicho kingi zaidi, ndiyo ile njia ya tatu tuliyoitaja. Mwili, hasa ukiwa na mafuta mengi tumboni, huacha kuisikia insulini. Kongosho hujibu kwa kutoa zaidi, na kwa miaka mtu hutembea akiwa na insulini nyingi kuliko kawaida na sukari inayoonekana salama. Weusi unaofanana na uchafu usiotoka nyuma ya shingo au kwapani unaweza kuwa dalili ya kipindi hicho. Hatimaye kongosho huchoka, ziada hugeuka upungufu, na sukari hupanda. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari maishani mwao. Kwa hiyo wengi hugundua ugonjwa kwa kidonda cha mguu au macho yaliyofifia.

Mwezi wa Ramadhani huleta swali ambalo Lamu haiwezi kulikwepa. Sura ya Al-Baqara, aya za 184 na 185, humruhusu mgonjwa kula na kuzilipa siku nyingine, au kulisha maskini kwa asiyeweza kabisa. Hata hivyo wagonjwa wengi hufunga. Utafiti mkubwa uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13, ukiwahusisha wagonjwa zaidi ya 12,000, ulikuta kwamba asilimia 43 ya wenye aina ya kwanza na asilimia 79 ya wenye aina ya pili walifunga angalau siku 15. Kushuka vibaya kwa sukari kuliongezeka takriban mara 5 kwa kundi la kwanza na zaidi ya mara 7 kwa la pili. Hii ni insulini iliyozidi, ingawa imetoka kwenye bomba la sindano: dozi iliyopangwa kwa mtu anayekula mchana humkuta mtu asiyekula. Vidonge vya glibenklamidi, ambavyo huilazimisha kongosho kutoa insulini hata tumbo likiwa tupu, vina hatari kama hiyo.

Lamu iko karibu na ikweta, hivyo saumu yake ni ya takriban saa 13 na nusu katika msimu wowote, tofauti na London ambako wakati wa kiangazi huweza kupita saa 18. Huo ni unafuu. Lakini futari yetu ya kaimati, tambi za sukari, viazi vitamu vya nazi na sharubati huipandisha sukari ghafla saa chache baada ya kuwa chini. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2016 na kuboreshwa 2021 unashauri mgonjwa aonane na daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama ili dozi zibadilishwe, na kwamba saumu ivunjwe mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au kupanda juu ya 16.6 kwenye kipimo. Mwongozo huo, ulioandaliwa pamoja na wanazuoni, unaeleza kwamba kujidunga kidole ili kupima hakubatilishi saumu. Anayetetemeka, kutokwa na jasho la baridi na kuchanganyikiwa alasiri asiambiwe avumilie kwa kuwa magharibi imekaribia. Apewe kitu cha sukari pale pale.

Suala la mwisho ni joto. Chupa ya insulini isiyotumika huandikwa ihifadhiwe baina ya nyuzi 2 na 8, na nyumba isiyo na jokofu, au yenye umeme unaokatika, huonekana kama imefungiwa mlango. Kwa sababu hiyo wapo wanaotembea kila siku hadi zahanati kudungwa, au wanaoikataa sindano kabisa.

Jibu limetoka kwa jirani. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaunti ya Garissa inayopakana na Lamu, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipima joto la nyumba, likakuta linapanda na kushuka baina ya nyuzi 25 na 37. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva waliiweka insulini ya aina kadhaa katika hali hiyo hiyo kwa wiki 4. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba nguvu yake haikutofautiana na ile iliyokaa baridini. Mapitio mengine ya tafiti, yaliyotolewa mwaka 2023, yalifikia uamuzi kwamba baadhi ya aina ambazo hazijafunguliwa hustahimili nyuzi 37 hata kwa miezi 2. Lamu mara chache hufikia joto la Dadaab.

Mtungi wa udongo uliozoeleka katika nyumba zetu husaidia kupunguza joto, kwa kuwa maji yanayovujia nje hukauka na kuubakisha ubaridi ndani, ingawa katika unyevu wa pwani hufanya kazi hiyo kwa udhaifu kuliko huko Garissa kukavu. Chupa iwekwe ndani ya kopo lililofungwa ili isilowe, na mtungi ukae kivulini penye upepo. Isiachwe juani kwenye sitaha ya boti. Wala isilazwe juu ya barafu katika sanduku la samaki, kwani insulini iliyoganda huharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Tarehe ya kuifungua iandikwe kwa kalamu juu ya chupa yenyewe, na baada ya wiki 4 kilichobaki kimwagwe.